Kadi Niliyomjazia Mama Sharifa

Kila nikipita stendi ya Newala, ninyi vijana wa meza za simu mnaniamkia vizuri, shikamoo Mzee Saidi, halafu mnanitupia swali lile lile: kadi ya memori ipi nzuri? Mimi najibu kwa mkato na kupita, kwa sababu jua linachoma na magoti yangu hayapendi kusimama. Leo nimekaa, chai ninayo, na mwenye haraka zake aondoke sasa. Jibu langu ni refu kwa kuwa ndani yake kuna mama wa watu niliyemkosea, na sijawahi kulisimulia lote.

Najua mtasema siku hizi vitu vinahifadhiwa huko mtandaoni, kadi za nini tena, mzee. Haya. Nendeni Chilangala mkamwambie hivyo mtu ambaye bando lake limekwisha tangu Jumatatu, na mtandao wenyewe anaupata akipanda kichuguu. Halafu kadi bado mnaziuza, nimeziona, mmezitundika mezani kama dagaa wa kuanikwa. Basi sikilizeni.

Mimi si mzaliwa wa huku juu. Ni Myao wa Masasi, chini kule kwenye majabali, na kazi nilijifunza kwa fundi redio mmoja tuliyemwita Mzee Likumbo. Alikuwa Mmakua, mtani wangu, kwa hiyo matusi niliyokula pale kibandani yalikuwa halali yake. Enzi hizo redio ilikuwa mali ya ukoo. Risasi ya kulehemu tuliipata kwa kujuana, na betri zilizokwisha watu walizianika juani pamoja na muhogo. Kitu kikiharibika hukuwa na cha kubadilisha, unakaa nacho mpaka uelewane nacho.

Mzee Likumbo alikuwa na sheria moja tu: redio iliyotengenezwa lazima ilale dukani. Hata iimbe vipi, siku hiyo hakupi. Kesho yake mwenyewe uje, uketi, aiwashe mbele yako, msikilize taarifa ya habari mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu mmoja, mtu wa Bukoba, alikuja juu siku moja: "Mzee, si umeshaisikia inaongea? Unanicheleweshea nini?" Mzee hata hakuinua kichwa. "Mwalimu," akasema, "hata mlevi dakika mbili za kwanza anaongea vizuri." Mwalimu akarudi kesho yake, na redio ikakwama katikati ya habari za michezo.

Halafu soko likafunguliwa. Ninyi mmezaliwa vitu vimejaa, hamwezi kujua ilivyokuwa. Vilikuja kwa malori: redio, saa, tochi, viatu, sabuni za kila rangi. Tulifurahi, nisiwadanganye, mimi nilinunua suruali mbili kwa siku moja. Siku hizo hizo bwana mmoja akaleta redio mpya kabisa, nzito, yenye taa zinazowaka, ila haiongei. Mzee Likumbo akaifungua, akaniita. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kimegundishwa kwa gundi, hakijaunganishwa na chochote. Kazi yake ilikuwa kuongeza uzito, ili mnunuzi akiipima mkononi adhani ni redio ya maana.

"Saidi," akaniambia, "kuanzia leo usinunue kitu kwa kukipima mkononi. Kifungue." Nikaitikia ndiyo mzee. Kuitikia hakunishindi, wanangu.

Alipofariki, mimi nilikuwa nimeshahamia Newala. Simu za mkononi zilikuwa zimeingia, na huku juu ndiko kwenye korosho. Msimu ukifunguka kila mtu anataka simu, na simu ya mkulima haina maisha mazuri. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa zilikuwa zinakuja na unga wa njano mpaka kwenye spika. Hapo mniandikie hili: salfa ifuteni kwa mswaki mkavu, msipulize kwa mdomo. Mate yakikutana na salfa, vyuma vya ndani vinaliwa mnaviona.

Vituko vilikuwepo pia. Mzee mmoja wa Nanganga niliwahi kumwambia kadi yake ina virusi, nikamwomba airudishe Alhamisi niisafishe. Alhamisi akaja nayo ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, imefungwa uzi, ameishika kwa ncha za vidole. Akaninong'oneza kwamba wajukuu wote amewapeleka kwa shangazi yao mpaka tatizo liishe. Nilicheka hadi nikakaa chini. Leo nikikumbuka naona yule mzee alikuwa na tahadhari kuliko mimi.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tukifanya kazi, maana kosa langu lilizaliwa humo. Biashara ya kadi wakati ule haikuwa kadi, ilikuwa nyimbo. Mteja hanunui kadi tupu, kadi tupu ataifanyia nini? Anataka aichomeke simuni, aondoke anaimba. Sisi mafundi tukawa tunazijaza mapema. Umeme ukiwepo, na umeme wenyewe mnaujua, naketi na kompyuta nachomeka kadi moja baada ya nyingine, kila moja naimwagia nyimbo zile zile: mduara, taarabu, kwaya mbili tatu kwa ajili ya Wakristo, kaswida kwa ajili yetu. Mteja akija, kadi yake imeshaiva. Mafundi wote wa huku tulifanya hivyo, na aliyeuza kadi tupu alionekana mvivu.

Msimu ule, kadi akaniletea mchuuzi mmoja wa begi. Alishuka kwenye basi na begi la mgongoni, anazimwaga mezani kwangu kama njugu. Zimeandikwa ukubwa wa kutisha, bei ya kuchekesha. Nikamuuliza, "Ni orijino hizi?" Akachomeka moja kwenye simu yake, akanionyesha kioo. "Mzee, inaandika ngapi? Si unasoma mwenyewe?" Kweli, simu iliandika ukubwa ule ule. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa ametembea kutoka Dar es Salaam mpaka mlangoni kwangu. Nilikuwa na foleni. Nikachukua boksi zima, nikazijaza nyimbo, nikasikiliza mbili tatu za mwanzo. Zinaimba. Nikaridhika.

Wiki hiyo ndiyo akaja Mama Sharifa.

Alikuwa mwanamke wa Chilangala, makamo yangu, mrefu, mpole wa kusema. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwezi uliopita, na keshokutwa yake ilikuwa arobaini. Akaketi kwenye benchi, akafungua pindo la kanga, akatoa simu ndogo. "Fundi," akasema, "simu hii inajizima yenyewe. Leo imejizima mara tano. Naogopa itazimika moja kwa moja, na ndani yake yumo mama."

Akanieleza. Mama yake, alipoona hali yake si nzuri, alimwambia amrekodi. Bibi yule hakujua kuandika. Alitaka aseme kwa kinywa chake mikorosho ya shambani ni ya nani, mti kwa mti. Ile ya kuzunguka nyumba ni ya ukoo, haina neno. Ila ng'ambo ya njia kulikuwa na pori, na pori hilo alilifyeka Mama Sharifa mwenyewe akiwa mwari aliyetoka unyagoni, akapanda mikorosho kwa mbegu alizopewa na mama yake. Mama mtu alijua, na sasa alitaka wote wajue. Kwao mkubwa ni mjomba, Mzee Chinguile, kaka wa marehemu. Yeye ndiye angegawa mbele ya ukoo baada ya dua ya arobaini. Na Mzee Chinguile alikuwa amesema wazi: mimi sikatai, ila nisikie kwa dada yangu mwenyewe.

"Nikusikilizishe?" akaniuliza. Akabonyeza.

Ikatoka sauti ya bibi, nyembamba, inakohoa, na kuku wanasikika nyuma yake. Anaongea Kimakonde. Anataja kitu, ananyamaza, anapumua, anataja kingine. Mimi niliokota neno hapa na neno pale, basi. Nilikuwa nimekaa Newala miaka mingi, nauza kwa Wamakonde, nakula kwao, naoa kwao, na lugha yao niliishia kwenye salamu na kuulizia maji. Kila mtu dukani kwangu alinionea huruma akasema Kiswahili. Mama Sharifa alikuwa anasikiliza huku machozi yanamtiririka, hayafuti.

Simu nikaitazama. Ubovu wake ulikuwa wa programu, haina dawa ila kuiflashi, yaani kufuta kila kitu kilichomo na kumimina programu upya. Nikamwambia hamna shida mama, kwanza tunamhamishia bibi kwenye kadi, halafu tunaosha simu. Nikachukua kadi moja kutoka kwenye boksi, iliyoiva tayari, nikaichomeka. Nikanakili sauti. Nikafungua orodha ya kadi nikatazama: nyimbo zote zipo, na chini kabisa, mwisho wa orodha, limeandikwa MAMA, na ukubwa wake pembeni. Jina nililiona kwa macho yangu. Sikulibonyeza.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza hilo swali mara nyingi kuliko mtakavyoniuliza ninyi. Foleni ilikuwepo, kweli. Gari la Chilangala lilikuwa linapiga honi, kweli. Lakini sababu yenyewe ni kwamba nilimwonea huruma. Alikuwa ndio kwanza amemaliza kulia. Nikasema nafsini, nikilibonyeza hili jina, mama wa watu ataanza upya mbele ya watu. Nikaiflashi simu, ikapona, nikajaribu wimbo mmoja kwenye kadi, ukaimba, nikampa. Mzee Likumbo angesema ilale. Nilimkumbuka wallahi, nikasema huyu ana arobaini, hawezi kusubiri.

Siku ya arobaini sikuwepo, ila nimeisikia kwa watu zaidi ya watano, na wote wanasema sawasawa. Dua ilisomwa, watu wakala, ukoo ukabaki kwenye mikeka. Mzee Chinguile akasema, haya, tumsikie dada yangu. Mama Sharifa akaiweka simu katikati ya mkeka, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Simu ikaandika haiwezi kufungua. Akabonyeza tena kwa nguvu, simu ikaruka mwanzo wa orodha na kuanza kuimba. Mduara, ule wa kukata viuno, kwa sauti ya juu, ubani bado unafuka. Hakujua pa kuuzima. Kuna watu walicheka, unajua tena msibani mtu anajizuia mpaka anashindwa. Mzee Chinguile hakucheka. Aliuliza tu, "Ndio usia wenyewe huo?"

Asubuhi yake nafungua duka namkuta amesimama mlangoni. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono akanipa simu, akasema, "Fundi, mama yangu umemweka wapi?"

Nikalibonyeza lile jina mara ya kwanza, wakati haliwezi kunisaidia tena. Nikahamishia kadi kwenye simu nyingine, kwenye kompyuta, nikazima nikawasha. Jina lipo, ukubwa upo, sauti haipo. Nikamwambia niachie, nitampata. Nikapanda basi la Mtwara siku hiyo hiyo, nikapita Tandahimba sioni hata kilichopo barabarani, nikamtafuta mtaalamu mmoja wa kompyuta aliyesifika kwa kufufua vitu vilivyofutwa. Akaishughulikia simu, imeshaoshwa, hamna kitu. Kesho yake akaichomeka kadi, akakaa nayo kutwa.

Jioni akaniita. "Mzee, hapa hakuna cha kufufua. Hii sauti haikufutwa. Haikuandikwa kabisa."

Nisikilizeni hapa, maana ndipo penye kazi yetu. Kadi zile zilikuwa zimedanganywa kiwandani. Mmezaliwa huku juu, maji mnayajua thamani yake, kwa hiyo nitawaambia kwa maji. Ni tangi limeandikwa nje lita elfu, ndani limewekwa ukuta, linabeba ndoo chache tu. Simu inauliza, una nafasi? Kadi inajibu, ninayo tele. Simu inamimina, kadi inapokea mpaka ndoo zake zijae, kinachozidi inamwaga chini, na huku kwenye orodha inaandika jina na ukubwa kwamba imepokea. Jina litaliona kila mtu. Kitu chenyewe kiko chini kwenye mchanga.

Mtaalamu akaniuliza, "Ulianza kuweka nini?" Nikamwambia nyimbo, si ndivyo tunavyofanya. Akasema, "Ungeanza na sauti ya huyo bibi, ingekuwepo. Nafasi ya sauti moja ilikuwepo."

Jamani. Nilirudi Newala na maneno hayo. Kadi iliweza kumbeba yule bibi, na ningempa kadi tupu kama mvivu, angesikika siku ya arobaini. Nafasi yake nilikuwa nimeshawapa waimba mduara.

Nilikaa siku mbili natafuta uongo wa kumwambia. Wenzangu wa stendi walinishauri niseme simu ndiyo iliyoharibu. Siku ya tatu nikapanda gari kwenda Chilangala. Nikamwomba Mama Sharifa anipeleke kwa mjomba wake. Mzee Chinguile alikuwa barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Shikamoo mzee. Marahaba, karibu, keti. Nikaketi chini ingawa kigoda kilikuwepo.

"Mzee," nikasema, "huyu mama hakuwadanganya. Sauti ya dada yako ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeipoteza, kwa mikono yangu na kwa kutokujaribu kadi."

Aliendelea kubangua. Baadaye akasema, "Wewe uliisikia?"

"Niliisikia mzee. Mwanzo mpaka mwisho."

Akaweka jiwe chini, akanigeukia. Niliona kabisa kwamba mtu huyu anataka kuamini. Mama Sharifa alisogea karibu. "Haya, mwanangu," akasema mzee, "tuambie. Alisema nini?"

Nikasema, "Alikuwa anataja miti, mzee. Alikuwa anahesabu. Lakini Kimakonde sikijui."

"Uko Newala tangu lini?"

Nikamwambia. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Akasema, "Umeishi kwetu miaka yote hiyo, na dada yangu anaongea mbele yako usielewe." Akaokota jiwe lake akaendelea na korosho. Mama Sharifa akaingia ndani.

Mzee Chinguile alikuwa mtu wa haki, sitaki mmhukumu. Alikubali kwamba sauti ilikuwepo, ila hakuwa na neno la kuwapa wengine. Mikorosho ya ng'ambo ya njia ikagawanywa mafungu matatu, wajomba wadogo fungu, watoto wa dada wa marehemu fungu, na Mama Sharifa fungu. Theluthi ya miti aliyoipanda kwa mkono wake. Nilimpelekea simu mpya, akairudisha kwa kumtuma mtoto wa jirani. Sikumwona tena dukani kwa miaka.

Niliporudi, nilitoa ubao nje: aliyenunua kadi kwangu msimu huu airudishe nimpe nyingine. Zilirudi nyingi. Wengine hawakuwa wamegundua chochote, maana nani anasikiliza nyimbo zote mpaka ya mwisho? Wengine walikuwa wameweka picha za harusi humo, za watoto. Nilizivunja kwa nyundo zote isipokuwa moja, ya Mama Sharifa, iliyokuwa ndani ya simu aliyonipa mlangoni siku ile. Ninayo mpaka leo. Kila fundi niliyemfundisha nilimpa aifungue, alisome jina la mwisho, alibonyeze.

Basi jibu la swali lenu ndilo hili. Maandishi ya juu ya kadi yasomeni ila msiyaamini, na namba inayoandikwa kwenye kioo msiiamini pia, hiyo ndiyo kadi inayojisifu yenyewe. Ijazeni mpaka pomoni, kwa vitu msivyovihitaji. Itoeni, ichomekeni kwenye kifaa kingine kabisa, fungueni cha mwanzo, cha katikati na cha mwisho, na cha mwisho kisikilizeni hadi kiishe. Ikifaulu, ifuteni, sasa ni kadi. Bei ikiwachekesha, rudini nyuma hatua mbili. Kama inachemka sana mkononi au inanakili kwa kusuasua, msimpe mtu. Kwenye pindo la kanga isikae bila kifuko, jasho linakula yale meno yake ya dhahabu. Kilicho muhimu kikae kadi mbili, nyumba mbili, maana nyasi zetu huku zinawaka. Na wekeni kwanza kile ambacho hakina kingine duniani. Wimbo mtaupata hata kwa jirani.

Na ilale dukani. Mteja akinuna, mwacheni anune. Huruma yangu ya siku ile ilimgharimu yeye, si mimi.

Kimakonde nilijifunza. Nilikuwa mtu mzima na mvi zangu, nafundishwa na wateja na kuchekwa na wauza ndizi. Mke wangu alisema nikiongea nafanana na mbuzi anayetafuna gunia. Sikuacha.

Mwaka nilioamua kufunga duka, nikiwa nimeshaanza kupanga vyombo, mlango ukapigwa hodi. Alikuwa Mama Sharifa, amezeeka kama nilivyozeeka mimi, amefuatana na Sharifa mwenyewe. Safari hii alinisalimu. Akaketi, akafungua pindo la kanga.

"Na mimi nimesema maneno yangu," akasema. "Nataka yakae mahali."

Nikamuuliza, mafundi wamejaa stendi nzima, kwa nini kwangu? Akasema, "Wewe unajua yanavyopotea."

Nikatoa kadi mbili nilizokuwa nimezijaribu mwenyewe, tupu kabisa. Nikainakili sauti kwenye kila moja. Nikamwambia, "Mama, zitalala hapa." Akasema alijua, ameshamwambia ndugu yake mmoja wa hapa mjini kwamba watalala kwake.

Asubuhi walikuja mapema. Nikafunga mlango, nikatoa kadi ya kwanza, nikaichomeka kwenye simu nyingine, nikabonyeza. Sauti yake ikatoka, na kuku nyuma yake vilevile. Alikuwa anataja mikorosho mti kwa mti kwa Kimakonde, anapumua, anataja mwingine. Na mimi nikawa naelewa. Alipofika ng'ambo ya njia alisema hii yote nilipanda mimi, hata iliyo kwa wenzangu, siidai, ila mjue, mama alisema, na fundi Myao wa Newala aliisikia sauti yake. Nililia, sioni aibu kuwaambia. Sharifa aliinamisha kichwa, mama yake alikuwa ananitazama tu. Nikaitoa, nikachomeka ya pili, tukaisikiliza nayo hadi mwisho.

Ilipoisha Mama Sharifa akaniuliza swali la mjomba wake, kwa Kimakonde, taratibu. "Haya fundi. Nimesema nini?"

Nikaweka simu chini. Nikaanza na mti wa kwanza, ule aliosema uko kwenye kichuguu, nikautaja na aliyeachiwa, kwa Kimakonde changu cha kutafuna gunia, nikaenda nao mmoja mmoja mpaka ng'ambo ya njia. Alinisahihisha mara mbili.